Kubadilisha shokapu za mbele nyumbani: Premio, Wish, Spacio na magari ya aina hiyo

Gari dogo hapa Uganda huchakaa miguu kwanza, yaani shokapu, springi na raba zinazobeba magurudumu. Injini ya Premio itakutumikia miaka mingi ukibadilisha oili kwa wakati, lakini miguu ya mbele inalipia kila tuta la Wobulenzi, kila shimo la njia ya marami (udongo mwekundu, bila lami) ya kwenda shamba, na kila ukingo wa lami uliomong'oka unapomkwepa mwenye boda. Ongeza kwamba magari yetu mengi huja yakiwa yametumika. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo gari lililoshuka juzi tu kutoka Mombasa linaweza kuwa na miaka kumi na kitu, na raba zake zote zina umri huohuo hata kama bodi inang'aa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kubadilisha shokapu za mbele mwenyewe, uani kwake, kwa vifaa vya kawaida. Nimeuandika nikifikiria Toyota Premio na Allion za 2001 hadi 2007, Wish ya kwanza, Spacio na Corolla za wakati huo, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani na miguu yao ya mbele inafanana. Magari mengine yenye shokapu iliyovaa springi yatafuata hatua zilezile, ila saizi za nati zitatofautiana kidogo.

Ninachosisitiza tangu mwanzo ni raba. Shokapu nyingi zinazotolewa hazikuwa na kosa, na nyingi mpya zinakufa mapema kwa sababu zilifungwa pamoja na raba zilizochoka. Ukilielewa hilo, utaokoa pesa nyingi kuliko utakazookoa kwa kutomlipa fundi.

Kwanza hakikisha ni shokapu kweli

Usinunue chochote kwa sababu gari linagonga. Mlio wa kugonga mara nyingi hautoki kwenye shokapu kabisa.

Shokapu iliyokufa inajionyesha hivi. Gari linanesa baada ya tuta na haliachi upesi. Ukikanyaga breki pua inazama chini sana. Kwenye marami yenye mawimbi, usukani unakuwa mwepesi na gari linateleza pembeni kwa sababu tairi haligusi chini muda wote. Tairi lenyewe linalika kwa mabonde mabonde, na ukipitisha kiganja juu yake unahisi vilima. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu ukiwa nje, liachie: likipanda na kutulia, sawa, likipanda, likashuka, likapanda tena, shokapu ya kona hiyo imechoka. Halafu chungulia kwa tochi nyuma ya tairi. Unyevu mwembamba wa oili wenye vumbi kidogo karibu na shingo ya shokapu si ugonjwa. Oili iliyotiririka hadi chini na kuganda na udongo ni ugonjwa.

Kama gari linagonga kwenye vishimo vidogo, "kto, kto, kto", ukienda polepole, shuku linki ya stebilaiza kwanza. Ni kile kijiti chenye vifundo viwili kinachounganisha shokapu na ule mtaimbo unaopita kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Kishike kwa mkono ukitikise. Kifundo kikicheza, umempata mwizi. Kama mlio unatoka ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, na unasikia springi ikiruka "tang!", beringi iliyo juu ya shokapu imeshika. Na kama gari linavuta upande mmoja ukifunga breki, angalia bushi kubwa, yaani raba ya kiungo, ya mkono wa chini unaoshika gurudumu. Ingiza mtaimbo mdogo ukaiinue: ikiwa imechanika utaona raba ikifunguka kama mdomo.

Hapa Bombo kuna Hajati mmoja mwenye Spacio aliyeambiwa na fundi wa kando ya barabara kwamba shokapu zote nne zimekwisha. Alikuja kuniuliza kabla ya kulipa. Tulipoinua mbele, shokapu zilikuwa kavu kabisa, na linki ya kushoto ilikuwa inacheza kiasi cha kuisikia kwa sikio. "Mwanangu, yaani ni hicho kijiti tu?" Ni hicho kijiti tu. Linki mbili, muda mfupi wa kazi, na mlio ukaisha. Ndiyo maana naweka uchunguzi mbele ya spana.

Kununua

Kampala, watu wengi huanzia soko la Kisekka au Ndeeba. Kabla hujatoka nyumbani, piga picha kile kibati cha chuma kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, chenye namba ya modeli. Premio yenye NZT240 au ZZT240 ni ya kuvuta mbele. ZZT245 inavuta magurudumu yote manne. Wish nyingi ni ZNE10, Spacio nyingi ni NZE121. Muuzaji akikuambia "Premio zote ni moja" bila kuuliza namba hiyo, nenda duka la pili.

Nunua kwa jozi, kulia na kushoto, hata kama ni moja tu inayovuja. Shokapu mpya upande mmoja na nzee upande wa pili zitalifanya gari liiname tofauti kwenye kona na kwenye breki. Shokapu za mbele zina upande: kibati cha kushikia paipu ya breki kinakuwa mahali tofauti kwa kulia na kushoto. Zilinganishe na picha ya zako ukiwa dukani.

Kuhusu mpya au "ya Japani" iliyotumika, nina msimamo. Ya kutumika iliyokamilika na springi na kila kitu inavutia kwa sababu huguswi na kazi ya kubana springi, na kuna watu wanaoitumia kwa muda mzuri. Lakini raba zilizomo zimezeeka sawa na zako, na hujui gari lile liliishi wapi. Kama liliishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, utaona kutu ya kahawia iliyokula kikombe ambamo springi hukaa. Mimi nachagua shokapu mpya ya kampuni inayojulikana, KYB au Monroe kwa mfano, na springi zangu zilezile kama hazijavunjika. Lakini bandia zipo nyingi. Angalia namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe ilingane na ya boksi, na weldi iwe safi. Simamisha zote mbili, zibonyeze hadi chini kwa uzito wa mwili, uziachie: za gesi hupanda zenyewe, polepole, na zote mbili zipande kwa mwendo mmoja. Inayokwama katikati au kutoa sauti ya maji, rudisha.

Sasa vile vidogo ambavyo wauzaji hawatakukumbusha. Nunua mauntini mbili za juu (kitako kinachoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi), beringi zake mbili kama zinauzwa kando, raba mbili za vumbi, stopa mbili, na nati mpya za katikati. Stopa ni ile raba au sifongo ngumu inayovaa kwenye ufito, ile fimbo inayoingia na kutoka kwenye shokapu, ili shokapu isigonge chuma kwa chuma gari likizama. Watu huziruka hizi ili kupunguza gharama. Ukifungua shokapu iliyokufa hapa kwetu utaona sababu ya kutoziruka: raba ya vumbi imechanika na kuning'inia, na kuzunguka ufito unaong'aa kuna uji mwekundu, vumbi la marami lililochanganyika na oili na maji ya mvua. Kila ufito ukipanda na kushuka, uji ule unasugua sili kama msasa. Sili ikikwaruzwa, oili inatoka. Shokapu mpya ukiivisha raba ya vumbi iliyochanika, umeipa ugonjwa uleule.

Uwanja na vifaa

Tafuta sakafu ya saruji iliyosawazika. Kama una udongo tu, weka vipande vya mbao nene, pana kuliko kitako cha jeki, chini ya jeki na chini ya kila stendi. Usifanye kazi hii juu ya udongo uliolowa. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ardhi inaonekana ngumu juu huku chini ni laini, na stendi inazama taratibu bila wewe kuona.

Utahitaji jeki, stendi mbili za chuma, vizuizi vya tairi za nyuma, spana ya magurudumu ya 21, soketi na spana za 12, 14, 17 na 19, ufunguo wa pembe sita wa milimita 5 au 6, nyundo, brashi ya waya, mafuta ya kulainisha kutu, waya mgumu au kamba, na rangi au chaki ya kuwekea alama. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni nzuri sana kuwa nayo. Ukiweza kuazima, azima. Kwa springi unahitaji vibanio viwili vya kulabu. Nitavizungumzia kwa urefu mbele.

Matofali hayashiki gari. Tofali la kuchoma hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na jeki peke yake huvuja. Kama huna stendi, ahirisha kazi.

Usiku wa kuamkia kazi, pulizia mafuta ya kutu kwenye bolti zote utakazofungua: mbili kubwa za chini ya shokapu, nati za linki, na ile ya kibati cha paipu. Ukiamka asubuhi rudia. Hatua hii ya dakika chache huokoa saa nzima ya kupambana na nati iliyoshika.

Kufungua

Weka gari kwenye P au gia, vuta breki ya mkono, zuia tairi za nyuma mbele na nyuma. Legeza nati za magurudumu yote mawili ya mbele kidogo gari likiwa bado chini. Kisha inua, weka stendi chini ya sehemu ngumu za chasi kila upande, shusha gari likae juu ya stendi, ulisukume kwa bega uone kama limetulia. Inua pande zote mbili za mbele, hata kama unafanya mguu mmoja mmoja. Ukiinua upande mmoja tu, mtaimbo wa stebilaiza unajikunja na linki inakuwa imevutwa. Haitoki kwa urahisi na hairudi kwa urahisi. Toa magurudumu uyalaze chini ya kizingiti cha gari. Likianguka, litaangukia rimu.

Malizia mguu mmoja kabla ya kugusa wa pili. Ule ambao hujaufungua ndio kitabu chako ukisahau kitu kilikaaje.

Anza na kibati cha paipu ya breki na waya wa ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge) kwenye mwili wa shokapu. Fungua bolti yake, 12 au 14, usogeze paipu na waya pembeni bila kuvuta. Kisha linki: nati yake ikizunguka na kijiti chote, ingiza ufunguo wa pembe sita kwenye tundu la katikati ya bolti ulishikilie, huku spana ya ringi ikizungusha nati. Safisha tundu hilo na udongo kwanza kwa msumari, la sivyo ufunguo utateleza na kulila likawa duara. Likishakuwa duara, linki hiyo ni ya kukata kwa msumeno, kwa hiyo kuwa nayo mpya karibu si ubadhirifu.

Sasa zile bolti mbili kubwa zinazoshika shokapu na nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu. Kabla ya kuzigusa, piga brashi ya waya uzungushe rangi au mkwaruzo mahali shokapu inapokutana na nako. Bolti hizi zina uhuru kidogo kwenye matundu yake, na uhuru huo ndio unaoamua tairi lisimame wima au lilale. Kwenye shokapu mpya alama haitakuwepo, lakini mstari kwenye nako utakuonyesha ukingo ulikuwa wapi.

Funga kamba au waya kutoka kwenye nako hadi kwenye chasi sasa hivi, kabla ya kutoa bolti. Ukisahau, nako itaanguka nje kwa uzito wa breki, itavuta paipu ya breki, na inaweza kuchomoa sivi jointi ya ndani (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu) kwenye gia boksi. Kazi ya asubuhi inageuka kazi ya wiki. Kisha shika kichwa cha bolti kwa spana moja na uzungushe nati kwa nyingine. Nati zikitoka, gonga bolti taratibu nati ikiwa imerudishwa nyuzi chache, ili usiponde uzi.

Nenda juu, ndani ya boneti. Utaona nati tatu kwenye duara, kwa kawaida za 14, na nati moja kubwa katikati, mara nyingine imefunikwa na kifuniko cha raba. Fungua hizo tatu za duara tu. Nati ya katikati usiiguse. Ndiyo pekee inayozuia springi iliyobanwa, na mtu anayeifungua huku shokapu ikiwa garini au mkononi, bila kubana springi, anajirushia chuma usoni. Watu wameumia vibaya sana kwa kosa hilo moja. Acha nati moja ya duara ikishika kwa nyuzi chache, mkono wako mmoja ushike shokapu kutoka chini, ndipo uitoe ya mwisho na kushusha mguu mzima nje.

Springi

Hapa ndipo nakuomba upime moyo wako na vifaa vyako. Springi ya mbele iliyo kwenye shokapu imebanwa tayari hata ukiwa umeishika mkononi, na inabeba nguvu za kutosha kuvunja mfupa. Kama vibanio vyako ni vya kuazima, uzi umelika, kulabu zimepinda au hazina pini za kuzuia kuteleza, chukua miguu yote miwili uipeleke gereji yenye mashine ya kubana springi iliyosimama. Watakufanyia sehemu hiyo tu, utalipa kidogo, na utarudi nyumbani kumalizia. Sioni aibu yoyote katika hilo, na ndivyo ninavyomshauri kila anayefanya kwa mara ya kwanza.

Kama vibanio ni vizima na umeamua, piga picha ya shokapu nzima kwanza, pande zote. Zingatia mwisho wa chini wa springi ulipokaa, na alama iliyo kwenye kikombe cha juu inavyoelekea. Laza shokapu sakafuni au uishike kwenye vaisi (jiriwa). Weka vibanio viwili vikitazamana, kimoja huku na kingine kule, kila kimoja kishike mizunguko mingi ya springi kadiri inavyowezekana. Paka grisi nyuzi zake. Kaza kimoja mizunguko michache, kisha kingine, kwa zamu, kwa spana ya mkono. Usitumie mashine ya upepo. Ukiona springi inapinda upande mmoja, simama, legeza, panga upya. Muda wote huu uso na kifua chako visiwe kwenye mstari wa ncha za shokapu, na watoto wasiwe uani.

Springi ikilegea kutoka kwenye kikombe, ukaweza kuitikisa kwa mkono, hapo ndipo nati ya katikati inaruhusiwa. Fungua na utoe mauntini, beringi, kikombe, raba ya vumbi na stopa, ukivipanga chini kwa mfuatano uleule vilivyotoka. Usishike ufito kwa koleo ili usizunguke. Mkwaruzo mmoja kwenye chuma kile laini utakata sili mpya.

Zungusha beringi kuukuu kwa kidole. Ikikwaruza, sasa unajua mlio wa usukani ulitoka wapi. Kagua springi yenyewe, hasa mzunguko wa mwisho wa chini ambako maji na mchanga hukaa: ikiwa imemeguka ncha au kutu imechimba, badilisha springi zote mbili.

Shokapu mpya isimamishe wima, ivute na kuibonyeza yote mara nne au tano. Hii inatoa hewa iliyojikusanya ndani ilipokuwa imelazwa ghalani. Ukiiruka, siku za kwanza utahisi mguu umelegea ukadhani umeuziwa bandia. Kisha vaa stopa, raba ya vumbi, springi ikiwa bado imebanwa, kikombe, beringi na mauntini. Mwisho wa springi lazima ukae ndani ya kidaraja cha kikombe cha chini, karibu uguse ukuta wake. Ukikaa juu ya kidaraja, springi itaruka mahali pake kwenye tuta la kwanza, na gari litasimama limeinama. Alama ya kikombe cha juu iangalie upande ulioiona kwenye picha. Kaza nati mpya ya katikati, kisha legeza vibanio kwa zamu, taratibu, ukiangalia springi ikishuka mahali pake pande zote mbili.

Kurudisha

Pandisha mguu, ingiza bolti tatu za juu, zishike kwa nati za mkono tu. Leta nako, ingiza bolti mbili kubwa, fuata upande uleule zilikoingilia. Sawazisha ukingo na ule mstari uliochora, kaza. Kwa Corolla na jamaa zake za wakati huu, bolti hizi zinahitaji karibu nyutoni-mita 150 (kipimo kinachosomwa kwenye spana ya toki), ambayo ni nguvu ya mtu mzima kwenye kipini kirefu. Kwa spana fupi zitabaki zimelegea ingawa mkono wako unakuambia zimekaza. Rudisha linki na kibati cha paipu. Zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uangalie paipu ya breki isivutwe, isisokotwe, isiguse tairi.

Fanya upande wa pili. Rudisha magurudumu, shusha gari, kaza nati za gurudumu kwa kuruka, moja huku na inayoikabili, hadi nyutoni-mita 103. Nati tatu za juu, kwenye boneti, zinataka karibu 39 tu. Hizi ndizo watu huzikaza kwa hasira mpaka bolti inakatika ndani ya mauntini mpya.

Ukiwa umebadilisha pia mkono wa chini au bushi zake, bolti za bushi zikaze mwisho kabisa gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya tairi. Ukizikaza mguu ukining'inia, raba itakuwa imesokotwa muda wote gari likitembea, na itachanika mapema mno.

Barabarani

Kabla ya kutoka getini, kanyaga breki mara kadhaa uhakikishe pedali ni ngumu. Endesha polepole mtaani, pita kwenye tuta dogo, funga breki, piga kona. Kama kuna mlio, simama uutafute. Mlio mmoja mzito wa kugonga kwenye kila shimo kwa kawaida ni bolti ya chini au nati ya juu iliyolegea. Mlio wa chuma ukizungusha usukani ni springi au beringi isiyokaa vizuri. Gari linaweza kuonekana limeinuka kidogo na kuwa gumu. Litatulia.

Kisha nenda kwenye alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu kwa mashine, siku hiyo au kesho yake. Alama zako zinakufikisha huko salama, lakini haziwezi kulingana na mashine, na tairi jozi moja zinagharimu mara nyingi zaidi ya kupima. Ukishaendesha wiki moja, hasa kama umefika Gulu au Arua na kurudi, pitisha spana tena kwenye bolti za chini, nati za linki na nati za magurudumu.

Shokapu za nyuma ni rahisi zaidi kwenye magari mengi, lakini angalia kwanza: kama springi iko mbali na shokapu, kazi ni bolti ya chini na nati ya juu, jeki ikiwa imeshikilia eksili ili isishuke ghafla. Kama springi imevaa shokapu, kila nilichosema kuhusu kubana kinahusika.

Zile kuukuu usimpe anayezipitia akikusanya "za kutengeneza upya". Kinachotengenezwa upya mara nyingi ni rangi tu: zinasuguliwa, zinapulizwa nyeusi, zinatiwa kwenye boksi na kuuzwa kwa mtu atakayesafiri nazo na familia. Chukua msumeno wa chuma, kata mfereji mmoja kwenye ule ufito unaong'aa, ndipo umpe wa vyuma chakavu.